Nyongeza ya Msitu: Jina Lililojibiwa kwa Chafya

Njiti ya kiberiti ilikuwa imeshawaka. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, nanyi mkaenda zenu na roho mkononi. Basi zirudisheni kifuani, maana njiti hiyo ilizimika.

Haikuzimwa na huruma. Ilizimwa na Osoro.

"Mwenyekiti," alisema Osoro baada ya kuipuliza, "holi hii ni ya mbao. Ukichoma vitabu tutachomeka pamoja nawe, na mimi mahindi yangu bado yako jikoni."

Osoro ni mchochea moto wa boila kiwandani. Mtu wa moto haogopi njiti.

Lakini Kipkemboi, mwenyekiti wa kamati ya Kambi Saba, kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai, na mzee wa kanisa, hakuwa na njiti moja. Alikuwa na kiberiti kizima, jerikeni ya mafuta ya taa, na wanaume ishirini barazani waliojibanza kuikwepa mvua ya mawe. Mvua ile ya Kericho, mnaijua. Siku hiyo ilidondosha mawe kama mayai ya bata, na anayesema yalikuwa ya kuku hakuwepo.

"Wilkista Amondi," alisema Kipkemboi. "Ondoka mezani."

"Siondoki."

"Nitahesabu mpaka tatu."

"Hesabu mpaka mia, Mwenyekiti. Mimi ni karani. Hesabu hazinitishi."

Mezani, mbele ya Amondi, palikuwa na vijitabu arobaini vilivyotoka kwenye mashine ya stensili juzi tu, wino wake ukinuka bado. Jaladani aliandika kwa mkono wake: NYONGEZA YA MSITU. Hivyo ndivyo vilivyowaleta watu ishirini na jerikeni.

Aliyekuwa safarini wiki zilizopita asipate taabu. Kambi Saba wana mchezo wao wa mezani. Kila mchezaji hushika karatasi ya mtu wa zamani, akawa ndiye. Msimulizi huwaeleza wanachokutana nacho gizani, na dadu ya nyuso ishirini huamua nani atatoka mzima na nani atatoka amerukwa na akili. Uliletwa na mwalimu mmoja wa kizungu wa kujitolea, ambaye aliporudi kwao mwaka wa tisini na tatu aliuacha pamoja na mwavuli wake. Kitabu chake kilijaa majumba ya mawe na theluji. Watu wa Kambi Saba theluji waliyoijua ni ile ya ndani ya friji ya kantini. Wakachoka.

Ndipo Amondi, ambaye ndiye Msimulizi, akaanza kuandika nyongeza za huku kwetu. Ya kwanza ilikuwa ya reli. Ya pili, ya mwaka wa nzige. Watu walizigombania kama tikiti za mpira. Ya tatu ikawa hii ya msitu: mwaka wa 1926, miti inakatwa chai ipandwe, vibarua wanaingia asubuhi na jioni hawatoki, kwa kuwa nyapara mmoja anawatoa chakula cha jitu lililo shimoni.

Na nyapara huyo Amondi alimwita Kimalel. Kimalel ni jina la babu yake Kipkemboi.

"Umemfanya babu yangu mla watu," alisema Kipkemboi.

"Nimemwandika kwenye mchezo."

"Mchezo gani una jina la mtu, na kilima chake, na hata kilema cha kidole chake? Watoto wangu wanaulizwa shuleni kama kwetu tunakula watu!"

"Na mimi nimeulizwa maisha yangu yote kama kwetu tunatoroka kazi," alijibu Amondi. "Rejista ya vibarua nimeiona stoo kwa macho yangu. Odero wa Nyakach, ametoroka. Chini yake, kidole gumba cha Kimalel. Odero ni babu yangu. Aliacha blanketi, sufuria, na kiatu cha mguu mmoja. Mwenyekiti, wewe ni mtu mzima. Nani hutoroka na kiatu kimoja?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla Amondi. Hakutaka fidia, hakutaka sifa. Baba yake alimngoja Odero mpaka nywele zikageuka mvi. Ukoo ulizika tunda la yago mahali pake, kama wanavyofanya watu wa ziwani mwili wa mtu usipopatikana, lakini tunda halijibu mtu. Mwaka jana baba naye alikufa, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Nitafutieni alipolala."

Amondi aliuliza ofisini, wakamcheka. Aliuliza wazee, wakatema mate pembeni. Basi akaandika nyongeza, akaliweka jina la nyapara wazi, akangoja atakayekasirika. Alijua anayekasirika ana la kusema.

Sasa Kipkemboi alikuwa amekasirika, na alikuwa na mafuta ya taa.

"Na wewe, Sista!" Kipkemboi alimgeukia Chemutai, muuguzi wa zahanati ya kambi, aliyekaa kando ya Amondi na karatasi yake ya mchezo. "Nimesoma ukurasa wa kumi na mbili. Kuita majina ya wafu mpaka mmoja aitikie! Hayo ni ya chumba cha uzazi. Huyu wa ziwani aliyatoa wapi kama si kwako?"

"Aliniuliza, nikamwambia," alisema Chemutai. "Sikujua ataweka na dadu."

"Umeuza mambo ya akina mama!"

"Tangu lini wewe ukawa mama?"

Osoro alicheka kidogo. Kipkemboi akapiga meza, dadu zikaruka.

"Leo nimeleta shahidi," alisema. "Nimemtoa Silibwet kwa pikapu, mvua hii yote. Binti wa Kimalel mwenyewe. Atasema babu yangu alikuwa nani, kisha atakulaani, Amondi. Ukishalaaniwa, nitachoma. Nataka uondoke hapa ukijua hata majivu yana laana."

Akafungua mlango. Wanaume wawili wakamwingiza Kogo, yaani Bibi, Taprandich chini ya turubai, ajuza wa miaka sabini na sita, mwembamba kama mpini wa jembe. Masikio yake, yaliyotobolewa na kurefushwa kizamani, yalikuwa yamekunjwa juu ili yasimsumbue. Wakamkalisha kwenye kiti. Akavua kofia ya sufi, akaikung'uta mawe ya barafu, akawatazama wote mmoja mmoja kama mnunuzi wa mitamba.

"Senge," alisema Kipkemboi, kwa kuwa huyo ni shangazi yake, dada wa baba yake. "Ndiye huyu. Mlaani."

"Amefanya nini?"

"Ameandika uongo juu ya baba yako."

"Uongo gani?"

"Uko kitabuni, Senge."

"Mimi sisomi."

"Ndiyo, Senge, lakini mimi nimesoma."

"Basi laani wewe." Ajuza alikunja mikono. "Laana si mate, ukitema umetema. Silaani kitu ambacho sikijui. Huo mchezo unachezwaje? Chezeni, nione."

"Senge, mimi ni mzee wa kanisa!"

"Na mimi ni mzee wa nini? Kaa chini."

Wasomaji, mwanaume wa Kipsigis anaweza kumkaidi chifu, akamkaidi hata daktari. Shangazi yake wa kuumeni hamkaidi, hasa yule ambaye yeye mwenyewe ametoka kuwaambia watu kuwa ana laana mdomoni. Kipkemboi alivuta kiti, akakikalia kwa uchungu. Nje, wanaume ishirini walisongamana madirishani.

Amondi alimsukumia karatasi.

"Wewe ni Kimalel," alisema. "Ni mwaka wa 1926. Ukungu umeshuka mpaka magotini. Watu tisa waliingia msituni asubuhi na hakuna aliyetoka. Mzungu wa shamba anakuuliza wako wapi. Unafanya nini?"

"Simpi jitu mtu yeyote!"

"Sijauliza hilo. Unafanya nini?"

"Naingia kuwatafuta."

"Shoka au taa?"

"Vyote viwili. Mimi si mjinga."

"Mkono mmoja una kidole chenye kilema," alisema Osoro. "Utabeba vipi vyote viwili?"

"Wewe nyamaza! Taa nimeifunga kiunoni!"

Mtaona kilichotokea, nacho humtokea kila anayekalia kiti kile. Mwenyekiti alianza kuinamia meza. Alitupa dadu, akapata kumi na nane, akavuka mto. Akatupa tena, akapata tatu, jitu likamguguna kisigino, naye akatukana kwa Kikipsigis neno ambalo kanisani halipo.

"Umewapata," alisema Amondi. "Wako hai, wamejificha kwenye mizizi. Jitu liko nyuma yao. Unawapeleka wapi?"

"Nawapeleka kwangu. Nawapa maziwa."

"Nyapara wa maziwa!" Osoro aligonga goti. "Jamani, tangu nizaliwe!"

Holi nzima ilicheka, hata waliokuwa madirishani. Kogo Taprandich hakucheka. Alimtazama Kipkemboi kama mtu aliyesikia hatua za mgeni nje ya nyumba.

"Kabla hawajatoka ni lazima waitwe," alisema Amondi, na sauti yake ikashuka. "Ndiyo kanuni ya ukurasa wa kumi na mbili. Nikitaja jina, tupa. Ikipita kumi na tano, ameitikia. Ochola."

Nne.

"Nyamwange."

Tisa.

"Kebaso."

Kumi na mbili.

"Odero."

Dadu ilitoka mkononi mwa Kipkemboi, ikabingirika. Haikupata kusimama. Kiganja cha ajuza kiliiangukia, pwaa!

"Huyo usimwite tena," alisema Kogo Taprandich. "Huyo alishaitikia."

Mvua ya mawe iligonga mabati. Amondi aliona midomo ya Chemutai ikitikisika bila sauti.

"Ameitikia lini, Kogo?" aliuliza Amondi.

"Mwaka wa arobaini na tisa. Asubuhi. Ndani ya nyumba ya mama yake huyu." Akamwonyesha Kipkemboi kwa kidevu.

Asiyejua mila za huku na ajue. Mtoto wa Kipsigis akizaliwa, wanawake hujifungia naye nyumbani, wakataja majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina alilolipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Wanaume hukaa nje. Wanaambiwa jina, na wanachoambiwa ndicho wanachokijua.

Kipkemboi alisimama polepole.

"Senge. Mimi ni Kimalel. Baba aliniita Kimalel mpaka siku ya kufa kwake."

"Baba yako alikuwa nje anachinja mbuzi. Tulimwambia alichotaka kusikia."

"Mnasema uongo kwa mtu kuhusu jina la mwanawe?"

"Tungefanyaje? Tulikuita Kimalel mara ishirini, ukalala kama jiwe la kusagia. Tukakupaka ugoro puani. Ukaulamba."

"Akaulamba?" aliuliza Osoro.

"Akaulamba, akacheka. Tukataja wafu wote mpaka wale waliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini. Kimya. Mama yako akaanza kulia. Nami nikataja jina moja ambalo hakuna mwingine mle ndani aliyejua kuwa mwenyewe amekufa. Nikasema, Odero. Ulipiga chafya tatu, kinyesi kikakutoka."

Nje dirishani mtu alicheka. Kipkemboi aligeuka, na kicheko kikakatika kama kamba.

"Odero gani?" alisema akiuma meno. "Taja vizuri, Senge. Odero gani alikuwa kwetu?"

"Wa Nyakach. Wa kiatu kimoja." Ajuza alimgeukia Amondi. "Cha pili alikuja nacho, binti yangu. Hakutoroka, wala hakuliwa. Alimpiga mzungu wa shamba kwa mpini wa shoka, akamvunja taya. Wangemnyonga. Baba yangu alimtia kwenye gunia la makaa, akambeba mgongoni mpaka Silibwet, kisha akarudi akabonyeza kidole kuwa mtu ametoroka. Tulimpa jina letu, tukampa ng'ombe. Alikaa nasi miaka ishirini na mitatu. Alikuwa akiwafundisha kaka zangu kusuka mitego ya samaki, na kwetu hakuna samaki."

Amondi aliitazama meza. Vijitabu arobaini. Wiki sita za kugonga taipu baada ya kazi. Mtu aliyemwandika kuwa mlisha jitu ndiye aliyembeba babu yake mgongoni.

Na Kipkemboi, wapenzi, aliiona nafasi yake kama mwewe aonavyo kifaranga.

"Mmesikia!" alipaza sauti madirishani. "Mmesikia wote! Babu yangu aliokoa mtu wao, na malipo yake ni haya! Piga magoti, Amondi!"

Watu wa barazani waliguruma. Mmoja alitia mguu dirishani. Chemutai alisimama akajiweka mbele ya Amondi.

Amondi alipiga magoti. Lakini hakupiga kwa Kipkemboi. Alipiga kwa ajuza.

"Kogo, nimemkosea baba yako. Jina lake nitalifuta kwa mkono wangu kwenye kila kijitabu, na nitaandika upya alichofanya. Lakini niambie amelala wapi babu yangu. Nimchukue nimpeleke Nyakach. Baba yangu alikufa akiuliza."

"Hapelekwi mahali!" alisema Kipkemboi.

Amondi alimtazama.

"Jina lake ni langu," alisema mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikwaruza. "Nina watoto saba. Ukimchimba huyo mtu unanichimba mimi. Aliyerudi haondolewi tena."

"Kwa hiyo wewe ndiye babu yangu?"

"Sijasema hivyo!"

"Shangazi yako amesema. Basi kama ni wewe, kwenu ni Nyakach. Panda pikapu, twende wote, nikakuonyeshe boma lako."

"Kwetu ni hapa! Nyinyi ndio hamjui kwenu. Chai ikinona ni kwenu hapa, mkiguswa ni Nyakach. Au mwaka wa tisini na mbili haukuwafundisha?"

Neno hilo likakaa katikati ya meza kama panga. Amondi mwaka huo wa vita vya kikabila alilala wiki mbili kanisani na kitanda chake kikabaki nje kinanyeshewa. Osoro, ambaye ana mzaha kwa kila kitu, hakuwa na mzaha kwa hilo. Alisogeza kiti chake karibu na jerikeni, akaweka buti juu ya kifuniko.

"Rudia," alisema Amondi. "Rudia mbele ya shangazi yako."

Kogo Taprandich aligonga sakafu kwa fimbo.

"Mnagombania nini? Nani kati yenu anajua aliko?"

Alimwelekezea mwenyekiti fimbo.

"Yuko kwenye chai yako, Kipkemboi. Mstari wa saba kutoka mtoni, ile miche inayonona kuliko yote, ile unayojisifia kila mwaka kwa watu wa kiwanda."

Kipkemboi alijifuta mdomo, kama mtu aliyekunywa kitu.

Amondi alikuwa ameshasimama. Mstari wa saba! Miaka sabini, na ukoo mzima, na tunda la yago, na leo ni mstari wa saba kutoka mtoni. Machozi yalimtoka, lakini alikuwa akitabasamu.

"Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa hapo," alisema. "Nitakuja na wazee na majembe."

"Njoo," alisema Kipkemboi. "Utanikuta nimekaa juu yake. Na hawa ishirini watakuwa nyuma yangu."

"Kaeni, chimbeni, fanyeni mnachotaka," alisema ajuza. "Mifupa yake huwezi kuichukua, binti. Si kwa sababu ya huyu. Ni kwa sababu hutaijua. Pale wamelala wawili."

"Wa pili ni nani?"

"Baba yangu."

"Senge!" Kipkemboi alishika meza kwa mikono miwili. "Babu alikwenda mnadani Siongiroi akafa kwa homa! Amelala huko! Mimi mwenyewe nimemwekea jiwe, nikaleta na mchungaji!"

"Uliuwekea jiwe udongo mtupu. Nilikuacha, nisikuaibishe mbele ya mchungaji."

"Na nani aliwazika shimo moja? Mtu na mgeni wake, bila kumwambia mtu?"

"Hawakuzikwa," alisema Kogo Taprandich. "Walifukiwa."

Mvua ya mawe ilikatika ghafla, kama kawaida yake, na watu wote wakasikika wakipumua. Amondi alimwona ajuza akiviangalia viganja vyake, kimoja kisha kingine.

"Walifukiwa na nani, Kogo?" aliuliza.

"Na mimi. Kwa jembe la mama, mchana kama huu. Na mmoja wao alikuwa bado ananiita."